Toyota 86 na mita 900 za Goba

Jioni gari lilipofika nyumbani kwa mara ya kwanza, lilikwaruza chini mara nne. Nilihesabu. Nilikuwa nimekaa upande wa abiria, na kila liliposaga shemeji yangu alikunja uso kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani, anataka kupiga kelele na haiwezekani. Tulikuwa tumetoka mjini, tumepita Mwenge na Lugalo, tukakata kushoto Tangi Bovu kuelekea Goba. Kwenye lami yote hiyo gari lilitulia mpaka tukaanza kupiga soga za mpira. Mikwaruzo yote minne ilitokea kwenye mita 900 za mwisho, kuanzia pale lami inapoishia mpaka getini kwake.

Kazi yangu ni kuwakagulia watu magari kabla hawajalipa. Nasoma karatasi za mnada za Japani, nakuza picha za chini ya gari kutafuta kutu, namwambia mteja achukue au aache. Vijana wakishapata kazi ya kueleweka huniuliza swali lilelile: kaka, gari la spoti linawezekana kutumika kila siku hapa Dar? Zamani nilikuwa najibu kwa kuangalia gari. Tangu kisa hiki, naanza kwa kuuliza mtu anakaa wapi, na kati ya lami na geti lake kuna nini.

Shemeji ana miaka 38, ofisi yake iko Upanga. Ameoa dada yangu, wana binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitano. Walikuwa na Vitz, ile ya umbo la 2005 hadi 2010, imechakaa lakini inawaka kila asubuhi. Ili kupata hela ya gari jipya, Vitz ikauzwa. Hapo ndipo kisa kinapopata uzito. Angeibakiza ile Vitz, nisingekuwa na la kuandika: gari la pili ni pambo, linatoka Jumapili, linarudi, linafunikwa. Hili lilitakiwa liende kazini, shule, sokoni, hospitali usiku, na kumpokea mama stendi. Dada alimwambia mbele yangu, "Sawa, nunua. Lakini mvua ikinyesha mimi sitaki kusikia habari za springi."

Gari lenyewe

Toyota 86 ilianza kuuzwa 2012. Toyota na Subaru waliibuni pamoja, na ilikuwa inaundwa kwenye kiwanda cha Subaru, mkoa wa Gunma. Pacha wake wa Subaru anaitwa BRZ. Injini ni ya Subaru, silinda nne zilizolala, mbili kila upande, cc 1,998, nguvu farasi 200. Kipenyo cha silinda ni milimita 86 na pistoni inatembea milimita 86, utani wa wahandisi kwa jina la gari lao. Uzito ni kama kilo 1,230. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Viti ni vinne kwenye makaratasi.

Kwa upande wa kodi lilituonea huruma. Alilipa 2022 kwa gari la 2015, kusudi lisiguse miaka minane na kuangukia kwenye ushuru wa uchakavu. Kwa kuwa injini haijavuka cc 2,000, ushuru wa bidhaa ulikuwa asilimia 5, wakati Harrier ya 2.4 inakaa kwenye asilimia 10. Ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18 vilibaki palepale kama kwa kila mtu. Kwa hiyo jirani mwenye Harrier, anayemwona shemeji kama mtu wa anasa, ndiye aliyekamuliwa zaidi kwenye kipengele hicho.

Lilikuwa na gia sita za otomatiki. Wapenzi wa magari haya watakwambia 86 bila gia ya mkono ni kama pilau bila bizari. Wengi wao hawajawahi kukaa Mwenge saa kumi na mbili jioni, mguu wa kushoto ukikanyaga klachi kila baada ya mita tano. Hapo nilimpinga kila aliyetia neno, na mpaka leo sijutii.

Kosa langu lilikuwa kwingine. Karatasi ya mnada ilionyesha daraja la 4, kilomita elfu sitini na kitu, bodi safi. Pembeni, kwa mwandiko wa mkono wa mkaguzi, kulikuwa na neno moja: shakocho. Ni shokapu za kupandisha na kushusha urefu wa gari. Maana yake mwenye gari wa kwanza alitoa shokapu za kiwandani akafunga hizo, na mtu hafungi hizo ili apandishe gari. Nililiona lile neno. Nikaliruka, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye injini. Magari haya ya miaka ya mwanzo yaliitwa kurudi 2018 kwa ajili ya springi za valvu, nami nilikuwa najihakikishia kwa namba ya chasisi kwamba hili halimo. Halikuwemo. Nikafurahi, nikamwambia alipe.

Asubuhi ya pili tulilipima kwa rula ya shule ya binti yake, tumelala kifudifudi kwenye paving. Sehemu ya chini kabisa ilikuwa sentimita 10 na nusu kutoka ardhini. Kiwandani linatoka na 13. Huko Japani gari hilo halina kosa lolote, maana ukaguzi wao wa lazima unadai sentimita 9 tu. Lilikuwa limekuja Goba likiwa halali kabisa kwa Gunma.

Mita 900

Hapa lazima nikae kidogo, maana ndipo mahesabu ya watu wengi yanapokwenda kombo.

Ukitazama namba peke yake utachanganyikiwa. Ile Vitz iliyouzwa iko juu ya ardhi karibu sentimita 14. Toyota 86 isiyoguswa ni 13. Tofauti ni unene wa kidole, na Vitz zimejaa mitaa yote ya Dar, zinapanda na kushuka makorongo kama mbuzi. Kwa nini basi moja ipite na nyingine isage?

Angalia kinachochomoza mbele na nyuma ya matairi. Vitz ina urefu wa sentimita 375, na kutoka tairi la mbele hadi la nyuma ni 246. Zinazobaki ni 129, mbele na nyuma kwa pamoja. 86 ina urefu wa sentimita 424, katikati ya matairi 257, zinabaki 167. Ni kama sentimita 38 zaidi za bampa linaloning'inia, tena bampa lenye mdomo uliochongwa kuelekea chini. Kwenye lami sawa hilo halina maana. Gari linapotoka lami na kushuka kwenye bonde la mtaro, halafu likaanza kupanda ng'ambo, ule mdomo unafika ardhini kabla tairi halijaanza kuliinua gari. Mwanzo wa mita 900 pako hivyo hasa: mtaro wa maji uliojazwa kifusi, wenye umbo la sahani.

Kisha kuna tumbo. Ukiwa na sentimita 13 za nafasi na 257 kati ya matairi, kitu chochote chenye mgongo mkali kinachozidi kama nyuzi 11 na nusu kinalikalisha gari. Kwenye mtaa wao kuna tuta walilojenga wakazi wenyewe baada ya bodaboda kumgonga mtoto. Hakuna aliyelipima. Ni zege lililomwagwa na kusawazishwa kwa koleo, fupi kwa upana, limesimama. Daladala likipita abiria wanarushwa, gari dogo linapita likinung'unika. 86 ya sentimita 10 na nusu ilikuwa inalala juu yake kama mamba.

Na kuna matairi. Saizi ni 215/45R17. Zidisha 215 kwa asilimia 45, unapata ukuta wa tairi wa milimita 97. Vitz yenye 165/70R14 ina ukuta wa kama milimita 115, na rimu yake ni ndogo na nyepesi. Tairi lenye ukuta mrefu linajikunja juu ya jiwe, lenye ukuta mfupi linalipeleka jiwe kwenye rimu. Ndani ya mwezi wa pili rimu ya mbele kushoto ilipinda. Aliyeinyoosha hapo Ilala aliizungusha, akaicheka, akauliza, "Bosi, unakaa wapi?" Swali langu lile, na yeye alilijua kabla yangu.

Siku mbaya kabisa si za mvua, kinyume na nilivyotarajia. Ni siku serikali ya mtaa inapoleta kifusi. Watu wanachanga, lori linamwaga, halafu grida haliji kwa wiki mbili. Mawe yanasimama katikati ya njia, magari makubwa yanakanyaga pembeni na kutengeneza reli mbili, na katikati panabaki mgongo. Mwenye Noah anashukuru kwa maendeleo. Shemeji alikuwa anashuka, anaokota mawe kwa mkono, anaingia, anasogea mita ishirini, anashuka tena. Watoto wa mtaa walimpenda sana wiki hizo, maana waliokota naye na kulipwa biskuti.

Tulijaribu dawa. Ya kwanza ilikuwa kupandisha zile shakocho, ndiyo kazi yake. Pete za kuzungushia zilikuwa zimeshikana kwa chumvi na kutu; fundi alizipaka mafuta akaziacha zilale, kesho yake akazigonga taratibu nusu siku nzima. Tukafika sentimita 12. Gari likawa gumu, kila shimo unalisikia kwenye meno. Ya pili ilikuwa kutafuta shokapu na springi za kiwandani, zilizotumika, kutoka kwa wauza spea wanaokata magari. Zilichukua wiki sita kupatikana. Zilipofungwa tukapata 13 kamili na gari likalainika, dada aliendesha siku hiyo akasema, "Kumbe ndivyo lilivyokuwa." Ya tatu ni ufundi wa dereva tu: matuta unayapita kwa mshazari, tairi moja baada ya jingine, pole pole, na bajaji nyuma yako inapiga honi na dereva wake anakuuliza kama unasubiri maharusi.

Mikwaruzo minne ilipungua ikawa mmoja. Ule wa mtaroni haukuondoka.

Yale ambayo hayakusumbua

Kila mtu alituonya kuhusu mafuta, na mafuta hayakuwa tatizo. Shemeji aliandika kwenye daftari kila alipojaza tangi lake la lita 50. Foleni ya Upanga na kurudi ilimpa kati ya kilomita nane na tisa kwa lita; Bagamoyo Jumapili alfajiri ilifika kumi na tatu. Vitz ilikuwa bora, ndiyo, lakini hakuna aliyelala njaa. Ndani ya kifuniko cha tangi kuna kibandiko cha Kijapani kinachosema haioku, yaani petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kiwango chao inaanzia oktani 96, kipimo cha petroli kuvumilia kubanwa bila kujilipukia, wakati ya kawaida inaanzia 89. Injini hii inabana mchanganyiko wa hewa na petroli mara 12.5, kwa hiyo inajali inachokunywa. Alichagua kituo kimoja anachokiamini akabaki nacho. Kompyuta ya injini yenyewe huchelewesha cheche ikisikia petroli inagonga ndani ya silinda, unapoteza nguvu kidogo ambazo kwenye spidi 50 ya mjini huzihitaji hata hivyo.

Ufundi nao ulikwenda vizuri kuliko nilivyoogopa. Fundi alifungua boneti, akainama, akasema, "Mbona hii ni Subaru!" Akaendelea na kazi. Dar ina Forester na Impreza za kutosha, injini iliyolala haimshangazi mtu. Kubadili plagi kunaumiza vidole kwa sababu zimebanwa ubavuni, ndiyo malalamiko yake pekee. Matairi ya kiwandani yalikuwa Michelin za saizi ileile zilizofungwa kwenye baadhi ya Prius, hivyo saizi hiyo unaipata bila kuagiza kokote.

Na foleni? Gari lina kiyoyozi kizuri, viti vinakushika mgongo, na kwa kuwa umekaa chini huoni chochote mbele zaidi ya tairi la lori. Bajaji zinakupita juu kama ghorofa. Unazoea.

Wazo la gari la spoti la kila siku, kwa kweli, si jipya. Porsche 911 imekuwa na viti viwili vidogo vya nyuma tangu ilipoanza kuuzwa miaka ya 1960. Honda walipotoa NSX mwaka 1990, yenye bodi ya alumini na injini nyuma ya dereva, sifa waliyojivunia ni kwamba unaona nje vizuri, haichemki kwenye foleni, na haikuachi njiani. Gordon Murray, mhandisi wa McLaren F1, alikuwa na NSX yake na ameeleza jinsi ilivyokuwa kipimo chake alipokuwa anabuni gari lile. Swali walilokuwa wanalijibu wote hao ni la Tokyo, Stuttgart na London: je, litawaka, litapoa, utaliegesha? Lami kufika mlangoni walishaipata, hawakuwa na haja ya kuiuliza.

Gunia la machungwa

Mwezi wa saba mama yetu alikuja kutoka Muheza. Shemeji alikwenda kumpokea mwenyewe, na kwa heshima akaenda na gari jipya badala ya kuita teksi. Mama alishuka kwenye basi na begi, kuku mmoja, na gunia la machungwa, kama kila mtu atokaye Muheza.

Alisalimiwa, akaitikia marahaba, akalitazama gari. Mlango wa 86 ni mrefu, ni gari la milango miwili, na pale stendi ulikuwa hauwezi kufunguka wote kwa sababu ya gari la jirani. Mama alijaribu kuingia kwa kichwa. Akarudi nyuma. Akajaribu kwa mguu. Mwisho aligeuka akajishusha kwa makalio, akishika paa, na alipotua akasema, "Baba, mbona mmenikalisha mkekani?"

Gunia halikuingia kwenye buti. Buti yenyewe si ndogo sana, mdomo wake ndio mdogo. Wahandisi wa gari hili walihakikisha kwamba ukilaza kiti cha nyuma, kinacholala chote kwa pamoja, unaweza kubeba matairi manne ya akiba, ili mwenyewe aende kwenye uwanja wa mbio, abadilishe matairi, akimbize, arudi nyumbani. Ni ubunifu wa maana na walipimia matairi kweli. Gunia la Muheza hawakulipima. Shemeji alilaza kiti, akaliingiza gunia kupitia mlango wa abiria kwa kusukuma na goti, kuku akawekwa miguuni kwa mama. Wakaondoka. Watu watatu na kuku wasingeweza. Bahati nzuri watoto walikuwa shule.

Kuwachukua watoto nako kulikuwa na hadithi yake kila siku. Kiti cha mdogo kiko nyuma kushoto. Kumfunga mkanda inabidi usukume kiti cha mbele, uingize nusu ya mwili, umfunge kwa mkono mmoja, mgongo wako ukinyeshewa. Binti anakaa nyuma ya baba yake, na kwa kuwa baba ni mrefu, magoti ya binti yanakaa kwenye mgongo wa kiti. Leo ana miaka tisa. Akiwa na kumi na mbili hataenea, hilo halina ubishi, na hakuna fundi wa kurefusha gari. Vilevile mama mmoja wa jirani alizoea kuwaomba wamchukulie na wake. Kwenye Vitz alikuwa anabanwa katikati. Kwenye 86 katikati hakuna kiti.

Ningepewa kisa hiki kwenye karatasi, bila kuwajua watu, hapa ningeandika: uza. Nilimwambia hivyo. Alikaa kimya siku mbili.

Lushoto

Katikati ya kimya hicho alimchukua dada wakaenda Lushoto, watoto wakabaki kwangu. Ukitoka Mombo kupanda Soni mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 za kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Sikuwepo, nasimulia alichosema dada, ambaye hajawahi kusifu gari maishani mwake. Anasema njia kuu ilimchosha, rasta na matuta kila kijiji, trafiki na tochi zao, na mumewe akitembea kwa adabu maana kosa moja ni shilingi elfu thelathini. Kuanzia Mombo ilikuwa kitu kingine. Spidi haikuzidi 50. Gari liligeuka kabla hujamaliza kuwaza kugeuka, halikuinama, halikuyumba, na kwa mara ya kwanza kwenye mlima ule hakutapika. Ameupanda mlima huo tangu utoto, na hajawahi kufika juu bila limau mkononi.

Ni injini ile iliyolala ndiyo inayofanya hivyo. Uzito mwingi umekaa chini, karibu na ardhi, na gari halina cha kuyumbisha. Ule ufupi unaotuumiza Goba ndio uliomtuliza tumbo Soni. Ukitaka kimoja unachukua na kingine, hakuna namna ya kuvitenganisha kwa kupandisha springi, ndiyo maana dawa yetu ya sentimita 12 za shakocho ilitupa gari lisilokuwa hili wala lile.

Walichoamua

Aliyepata jibu ni dada. Walipokuwa hawajanunua hata Vitz, walikuwa wanashuka kwenye lami na kutembea hadi nyumbani. "Kwani njia imerefuka?" aliuliza. Karibu na lami inapoishia kuna yadi ya mbao yenye uzio na mlinzi wa usiku. Alikwenda kuzungumza na mwenye yadi mwenyewe, siyo shemeji, kwa sababu alijua mumewe angepangiwa bei kwa kutazamwa gari. Wakakubaliana elfu sitini kwa mwezi, sehemu ya pembeni, chini ya bati.

Kwa hiyo 86 linalala kwenye yadi. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi bajaji ileile inafika getini, inawabeba wote wanne na mabegi ya shule, inapita mtaroni bila kujali, inawashusha kwenye mbao. Mashuka mawili ya zamani yamefunika gari kuzuia vumbi la randa. Mvua ikinyesha usiku, hakuna anayeamka kuwaza. Mgonjwa usiku ni bajaji hiyohiyo mpaka kwenye yadi, mlinzi anafungua. Imetokea mara moja, wakapoteza dakika tano. Hilo ndilo linalonisumbua bado katika mpango huu, na nimewaambia. Dada anasema dakika tano ni zilezile walizokuwa wanazipoteza kwa kupita tuta kwa mshazari.

Nimejumlisha gharama: yadi, bajaji ya asubuhi na jioni, bima kubwa, ambayo kwa gari la namna hii sikumruhusu aikwepe, na mafuta yaliyoongezeka. Kwa hela hiyo angeweza kuwa na RAV4 inayofika mpaka mlangoni, ikapakia mama, kuku, gunia na mtoto wa jirani. Nilimwonyesha karatasi. Akaisoma mstari kwa mstari, maana ni mtu wa hesabu, akasema imekaa sawa, akaikunja, akaiweka kwenye dashibodi ya 86. Ipo mpaka leo, imegeuka njano.

Kwa anayeniuliza, ninamjibu hivi: kwenye ile safari ya kilomita ishirini na kitu kati ya Goba na Upanga gari hili limetumika kila siku ya kazi kwa zaidi ya mwaka na nusu, halijawahi kumwacha njiani, na mwenyewe anatoka ndani yake akiwa hajachoka kama alivyokuwa akitoka kwenye Vitz. Limeshindwa mita 900. Ukikaa Masaki, Upanga au popote lami inapoingia mpaka uani, mita hizo huna, na nusu ya niliyoandika hapa haikuhusu. Watoto wakiwa wawili na wadogo una miaka michache. Wakiwa watatu usinipigie simu.

Mwezi uliopita mama alikuja tena, na machungwa. Shemeji alimpokea, wakafika kwenye yadi, bajaji ikiwa inasubiri. Alitaka kumpa heshima yake, akamwambia leo ataingiza gari mpaka getini, atapita pole pole. Mama alikuwa ameshatoka, ameshika mlango kwa mikono miwili, anajinyoosha kiuno. Alitazama mtaro, akalitazama gari, akaenda kukaa kwenye bajaji karibu na gunia lake.

"Wewe baba funika gari lako," alisema. "Sisi wa juu tunatangulia."